Nyali jua halitui baharini: picha za 3D, video, ziara ya simu au modeli ya mezani?

Shangazi aliingia ofisini saa nne asubuhi, buibui lake limeshika vumbi la saiti. Akaweka mkoba juu ya meza, akaitazama picha kubwa iliyotundikwa ukutani: roshani ya ghorofa ya saba, viti viwili vya mbao, madafu mawili yenye mirija, na mbele yake bahari imegeuka rangi ya chungwa huku jua likizama. Alitazama kitambo kizuri. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu ambaye jibu analo tayari:

"Mwanangu, hili jua latua wapi?"

"Baharini, shangazi."

"Nyali hii?"

Picha ile niliichora mimi. Nyali, hapa Mombasa, bahari iko mashariki. Jua huchomoza majini, na jioni hutua upande wa bara, ng'ambo ya Kongowea. Hilo nalijua tangu utoto, ila kazi ilikuwa ya haraka, nikachukua anga la machweo lililokuja tayari na programu nikalibandika nyuma ya roshani kwa kuwa lilikuwa zuri. Picha ilipita mikononi mwa watu kadhaa, mwenye mradi akiwemo, wala hakuna aliyeshtuka. Shangazi (namwita hivyo kwa umri wake, hatuna udugu) alikuwa akimtafutia nyumba mwanawe anayefanya kazi Doha. Akafunga mkoba. "Kama jua mmelihamisha," akasema, "kuta mtaziacha?"

Tangu siku hiyo, mwenye mradi akinijia na swali la "nifanye picha au nifanye video?", simjibu mpaka nijue mnunuzi wake ni nani na yuko wapi. Nyumba inayouzwa kabla msingi haujachimbwa ni nyumba ya karatasi. Mtu hutoa arabuni akiwa ameshika brosha tu, na salio hulipa kwa awamu mjengo ukipanda. Anachokiogopa si sura ya jengo. Anaogopa kwamba halitajengwa, au litajengwa dogo kuliko alivyoonyeshwa, au atahamia ndipo agundue kuwa chumba hakipati upepo na maji ni ya boza. Njia ninazozilinganisha hapa zote zinaweza kupendeza. Tofauti yao iko katika hofu ipi inajibiwa na ipi, nani ataiona, na utatoa kiasi gani kusahihisha pale msanifu au kaunti wanapoubadilisha mchoro kazi ikiwa nusu.

Picha tuli

Naanza nayo kwa sababu karibu kila mradi utaihitaji, hata ukiongeza nyingine juu yake. Mchoraji hulijenga jengo ndani ya kompyuta kutoka kwenye ramani za msanifu, mara nyingi kwa SketchUp, Revit au ArchiCAD, kisha hulivisha rangi, mwanga na fanicha kwa 3ds Max na V-Ray, kwa Lumion, au kwa Blender ambayo hailipiwi. Usimchague mchoraji kwa programu anayotumia. Mchague kwa maswali anayokuuliza kabla hajaanza. Asiyeuliza saiti inatazama wapi, mwache.

Ubora mkubwa wa picha tuli ni kwamba unajenga kile kitakachoonekana tu. Kamera ikitazama roshani, jikoni hakuna hata sinki. Ndiyo maana ni ya bei nafuu kuliko ndugu zake, na ndiyo maana msanifu akihamisha ngazi unarudia picha mbili badala ya kazi nzima. Picha hiyo moja itaingia kwenye brosha, kwenye bango la barabara ya Malindi, kwenye simu ya dalali na kwenye ukuta wa ofisi. Mwambie tu mchoraji mapema itatumika wapi. Ukurasa wa A4 wa brosha, kwa nukta 300 kwa inchi, unataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Bango linalotazamwa kutoka ndani ya matatu halihitaji nukta nyingi hivyo kwa kila inchi. Na kwenye WhatsApp itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na taili zako nzuri zinageuka uji.

Sasa ubaya wake, na hapa nitakawia, maana ubaya huu mimi mwenyewe nimeshaufanya.

Picha tuli ndiyo rahisi kuliko zote kudanganyia. Anza na lenzi. Kamera ya kompyuta ikiwekwa lenzi ya milimita 14, chumba cha mita 3 kinakuwa ukumbi wa harusi. Ndani ya nyumba mimi hukaa milimita 24 kwenda juu, na kamera huiweka kimo cha macho ya mtu aliyesimama, kama mita 1.6. Halafu iko fanicha. Sofa ya watu watatu ina urefu wa kama mita 2. Ukiipunguza ikawa mita 1.6, sebule inapanuka na hakuna atakayejua kwa nini. Mnunuzi mjanja ataihesabu sakafu. Taili za sentimita 60 katika chumba cha mita 3 kwa mita 3.6 ni 5 kwa 6, hazizidi. Akikuta 7 kwa 8 kwenye picha ya chumba hicho hicho, ameshakukamata. Au atatazama kitanda. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa kama mita 1.52, kikikaa katikati ya chumba cha mita 3, kila upande inabaki sentimita 74. Nafasi hiyo inatosha mtu kupita, haitoshi kufungua kabati pana. Picha ikionyesha kitanda hicho na watoto wawili wanacheza karata pembeni, kuna uongo mahali.

Watu wa Mombasa wana jicho la vipimo kuliko tunavyowadhania. Wengi wamelelewa katika vyumba vya Mji wa Kale ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Chumba chembamba wanakijua kwa mwili wao.

Kisha kuna uongo wa mahali. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini, juu sana karibu na utosi. Ukisahau kuiambia programu uko wapi, itakupa jua la kwao, limeinama, lenye vivuli virefu vya saa sita mchana ambavyo huku hakuna. Bahari nayo kwenye picha imejaa daima. Ya kweli hupwa, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Anayenunua kwa ajili ya ufuo ataukuta mchana mmoja ni mwamba na mwani mpaka mbali. Miti pia: nimewahi kuona jengo la Bamburi limezungukwa na miti ya nchi za theluji. Mwarobaini na mnazi upo kwenye maktaba za programu, mtu ni kuutafuta tu. Na kama mradi uko katikati ya mji, rangi si yako peke yako. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya mjini yapakwe nyeupe na bluu. Kuuza picha ya kijivu na kahawia mahali hapo ni kujitafutia mazungumzo marefu.

Dawa ya uongo wa mahali ni moja na haina gharama kubwa: piga picha ya kweli kutoka saiti, kisha lilaze jengo la kompyuta ndani yake. Kwa mandhari ya roshani, pandisha droni mpaka kimo chenyewe. Ghorofa ya saba, kila ghorofa mita 3, ongeza kimo cha macho: kama mita 22 na nusu. Unachokiona hapo ndicho atakachokiona mnunuzi, pamoja na bati la jirani na mnara wa simu. Droni isajiliwe na irushwe kwa kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, kwa kanuni za mwaka 2020. Huu ni mji wenye bandari, uwanja wa ndege na kambi ya wanamaji, usijaribu kurusha kimyakimya.

Je, uchore tangi za maji juu ya paa, mashine za viyoyozi ukutani, grili za madirisha, kamba ya nguo? Wabunifu wenzangu wengi watasema hapana. Mimi siku hizi nazichora, angalau katika picha moja. Mtu wa hapa akiona jengo lisilo na tangi hasemi "maridadi", anasema "na maji?"

Video

Video ndiyo wenye miradi huipenda kupita zote, na ndiyo mimi huizuia mara nyingi. Hesabu yake ni hii. Sekunde moja ya video ina fremu 25, kwa hiyo dakika moja ni fremu 1,500. Kompyuta ikitumia dakika 10 kwa fremu, hizo ni dakika 15,000, yaani saa 250: siku 10 na zaidi, usiku na mchana, umeme ukubali. Programu kama Twinmotion na Unreal Engine zimeupunguza muda huo sana. Kwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, hutoa fremu kwa sekunde chache. Zisichopunguza ni kazi ya mkono. Kamera inayotembea inapita kila mahali, basi kila mahali pajengwe: nyuma ya mlango, chini ya ngazi, barabara ya mbele, duka la jirani.

Halafu mchoro unabadilika. Na utabadilika, kwani kaunti hurudisha ramani na mhandisi huongeza nguzo. Nguzo moja katikati ya sebule inaua picha moja tu, lakini inaua nusu ya video. Nimeona mradi ukiuzwa kwa video yenye lango ambalo halikuwepo tena kwenye ramani, kwa sababu pesa za kuirudia zilikuwa zimekwisha.

Inapofaa, inafaa kweli. Mradi wenye majengo mengi, barabara za ndani, shule na msikiti hauelezeki kwa picha tano. Mtu anataka kujua kutoka langoni hadi kwake anapita wapi. Hapo video ya sekunde 40, kamera inatembea kwa mwendo wa mtu na hairuki kama mwewe, inaeleza kuliko brosha nzima. Lakini kwa jengo moja la fleti 16, muziki wa kinanda na ndege wanaoruka machweo ni mapambo. Watu huitazama kwenye simu, kwa bando lao wenyewe, sekunde chache, wakapitisha.

Ukiitaka lazima, iache hadi kaunti ipitishe ramani. Kabla ya hapo usiianze.

Ziara ya simu, na yale mamiwani

Ziara ya digrii 360 ni picha ya duara: mchoraji anasimamisha kamera katikati ya chumba, inatazama pande zote pamoja na dari na sakafu, na mnunuzi anageuza kwa kidole. Faili huwa na upana mara mbili ya kimo, tuseme pikseli 8,000 kwa 4,000, na hufunguka kwa kiungo tu, bila kupakua chochote. Chumba kwa chumba, mtu wa Doha, Muscat au London anatembea nyumbani kwake usiku baada ya kazi, na mamake aliyeko mtaa wa Majengo, hapa Mombasa, anafungua kiungo kile kile, wanaongea kwa simu: "Geuka kulia. Hapo. Dirisha hilo linatazama wapi?"

Kwa wanunuzi walio ng'ambo naiweka mbele ya video bila kusita. Sababu ni kwamba video mimi ndiye ninayechagua watazame nini, na katika ziara wanachagua wao. Hakuna kona ya kufichia. Ukuta uliosahau kuumalizia nyuma ya kamera, atauona. Lenzi ya kudanganyia haipo. Fanicha iliyopunguzwa bado inawezekana, lakini akiigeuza na kuona mlango umekaribia sofa, atashuku. Mnunuzi aliye mbali huamini anachokikagua mwenyewe. Picha nzuri ameshazichoka.

Shida yake ni wazee. Mtu asiyezoea kidole kwenye kioo anazunguka dari dakika mbili, anapata kizunguzungu, anairudisha simu. Kwa hiyo isitumwe peke yake. Iambatane na ramani ya sakafu yenye alama ya mahali kamera iliposimama. Nyingi hukosa alama hiyo, na bila yake mtu hajui yuko chumba gani.

Gharama? Iko kati ya picha na video, na kwa kuwa kila duara ni fremu moja, kubadilisha chumba kimoja hakusumbui vyumba vingine.

Miwani ya uhalisia pepe, ile ya kuvaa kichwani, ni ziara hiyo hiyo au programu kamili ya kutembea ndani. Kwenye maonyesho huvuta vijana. Kwa wanunuzi wetu wengine ina kikwazo ambacho wauzaji wake hawakifikirii: mama aliyejifunga mtandio hataki kamba ya miwani iliyovaliwa na watu hamsini imvurugie kichwa mbele ya halaiki. Kama unayo, tenga chumba, weka mhudumu wa kike na vitambaa vya kufutia. Kama huna, hukupoteza kitu.

Modeli ya mezani

Hii ndiyo ya zamani, na ndiyo niliyokuwa nikiidharau. Kwa skeli ya 1:100, jengo la mita 30 linakuwa na kimo cha sentimita 30, na mtu mzima ni sentimita 1.7, chini ya kiungo kimoja cha kidole. Zamani ilikatwa kwa wembe kutoka kadibodi. Leo hukatwa kwa leza au kuchapishwa kwa printa ya 3D, na kuta zikawa za akriliki.

Modeli hailipi ukiwa na mnunuzi aliye mbali. Haitumwi WhatsApp, na picha ya modeli ni mbaya kuliko picha ya kompyuta. Mchoro ukibadilika, unakata na kubandua. Na hapa pwani ina adui wake: unyevu. Ofisi isiyo na kiyoyozi, gundi inaachia, miti inaanguka kama imepigwa na kusi, paa linapinda. Ifunikwe kwa kioo na isikae dirishani.

Ila weka modeli mezani, kisha uite familia. Picha hutazamwa na mmoja mmoja, modeli huzungukwa. Mjomba anainama aone nyuma, mtoto anataka kushika gari, bibi ananyoosha kidole: "Sisi tuko hapa? Basi huyu wa chini anatuzibia upepo." Hakuna aliyefundishwa kusoma modeli. Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi kaskazini-mashariki, na mzee yeyote wa hapa ataizungusha kichwani mpaka ajue upepo unaingia wapi. Picha haisemi hilo hata ukichora pazia linapepea.

Kuna faida nyingine ambayo haihusu wanunuzi: majirani. Mradi unapokutana na wakazi, ghorofa kumi kwenye karatasi huzua hofu ya ghorofa ishirini. Modeli yenye nyumba za jirani katika skeli ile ile huyaweka mazungumzo chini. Au huyawasha, ikiwa jengo ni kubwa mno kweli, na hapo pia umejifunza kitu mapema.

Chumba cha kweli, au chokaa

Nyumba ya mfano, iliyojengwa na kupambwa kamili, haina mshindani. Mtu anagonga ukuta, anafungua bomba, anasimama dirishani. Lakini inataka uwe umeshajenga, na swali letu ni la kabla ya kujenga. Inawezekana kwenye mradi wa awamu, nyumba ya kwanza ikauza zilizobaki. Kwa mwenye jengo moja ni pesa nyingi kuziweka mahali pamoja.

Iko njia ya maskini ambayo sijaiona kwenye brosha yoyote. Fundi anapopima msingi huchora mistari ya chokaa ardhini. Fanya vivyo hivyo kwa fleti moja, kwa ukubwa wake halisi, saiti penyewe au kwenye uwanja wowote tambarare. Mistari ya kuta, nafasi wazi za milango, kisha leta kitanda cha futi 5 kwa 6, meza na viti vinne vya plastiki. Kazi ya asubuhi moja, mfuko wa chokaa na futi ya fundi. Mnunuzi anaingia kwa mlango wa chokaa, anakaa, anajinyoosha. Ukubwa unajulikana kwa dakika mbili, na hofu ile ya pili niliyoitaja juu inakwisha, au inathibitika. Haina sura, hiyo ni kazi ya picha. Hivi viwili vikienda pamoja, picha tatu za kweli na chokaa, sioni video ya kuvishinda kwa mradi mdogo.

Akili unde

Maneno machache tu, maana watu wanauliza. Sasa unaandika sentensi na kompyuta inakutolea jengo kwa dakika moja. Mwanzo kabisa, mwenye mradi na msanifu wakitafuta mwelekeo, inasaidia: wanaona sura kumi kabla ya chai kupoa. Kwa kuuzia, hapana. Inaongeza ghorofa, inahamisha madirisha, inachora ngazi isiyofika popote, na haijasoma ramani yako. Kama mchoraji anaitumia kulainisha miti au watu kwenye picha iliyojengwa kutoka ramani, sina neno, mradi kuta zisiguswe.

Nani achukue nini

Familia yenye kiwanja Tudor, fleti 12, wanunuzi wengi ni watu wanaofahamiana: picha tuli nne (nje kutoka barabarani, sebule, jikoni, mandhari kwa droni), ramani safi ya sakafu yenye vipimo, na siku moja ya chokaa. Basi. Kinachobaki kipelekwe kwa mhandisi.

Fleti 60 Bamburi au Shanzu, nusu ya wanunuzi wako ng'ambo: picha sita, ziara ya digrii 360 kwa kila aina ya fleti, na modeli ofisini kwa ajili ya jamaa zao watakaokuja kukagua kwa niaba. Video iwe ya mwisho, kama ipo. Wengi huanza nayo, ndipo wanapobakiwa na filamu nzuri ya jengo lililokwisha kubadilika.

Viwanja na nyumba za kifamilia kule Mtwapa, eneo kubwa lenye barabara za ndani: hapa video fupi inastahili pesa yake, pamoja na picha ya juu iliyochorwa ndani ya picha halisi ya droni. Ziara ya ndani inaweza kungoja.

Jengo la kukarabatiwa karibu na Mji wa Kale, eneo linalolindwa kama turathi, ni kesi ya peke yake. Huko picha yako ya kwanza haiendi kwa mnunuzi, inaenda kwa wahifadhi na majirani. Modeli na picha zilizolazwa ndani ya mtaa halisi, basi. Mlango wa mbao wa nakshi usiuchore kwa kukisia, kaupige picha.

Chochote utakachochagua, liandike kwenye mkataba wa mchoraji: marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, mafaili ya asili ni ya nani kazi ikiisha, na kwamba vipimo vinatoka kwenye ramani iliyopitishwa. Kwa upande wa mnunuzi, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inataka ramani ya mgawanyo ionyeshe namba ya kila fleti na takriban ukubwa wa sakafu yake, kwa hiyo namba iliyo kwenye picha na iliyo kwenye hati zitakutana siku moja. Na Katiba, kifungu cha 46, inataka Bunge litunge sheria ili matangazo yawe ya haki na ya kweli. Maandishi madogo ya "picha ni kwa maelezo tu" huenda yakamsaidia wakili wako. Kwa shangazi hayafui dafu.

Kuhusu yeye: alirudi. Nilikuwa nimeichora upya roshani ile, asubuhi, jua likitoka majini, maji yamekupwa nusu. Nikamwambia pia kuwa chini uwanjani tumechora chokaa. Akashuka, akavua viatu mlangoni pa chokaa kama anayeingia nyumba ya mtu, akapita sebuleni, akakaa kwenye kiti cha plastiki jikoni. Akamrekodia mwanawe ujumbe wa sauti, mrefu. Kisha akageuka akatazama roshani, mistari miwili ya chokaa kwenye mchanga, akapima kwa macho.

"Na nguo nitaanika wapi?"

Nikatoa kalamu.